Koti, Kero na Mkataba: Lugha Katika Mjadala wa Muungano wa Tanzania

Utangulizi

Mnamo Aprili 26, 1964, nchi mbili zilizokuwa huru, Tanganyika na Zanzibar, ziliungana na kuwa jamhuri moja. Tangu siku hiyo, swali la iwapo Zanzibar ibaki ndani ya Muungano huo au itoke halijapata kunyamaza. Limejadiliwa bungeni na katika Baraza la Wawakilishi, mahakamani, misikitini, kwenye mabaraza ya kahawa ya Unguja na Pemba, na katika kumbi za mihadhara za Dar es Salaam. Mwanahistoria na mwanasheria wana sababu zao za kuufuatilia mjadala huu. Mwanafunzi wa Kiswahili naye ana sababu yake: mjadala huu umeendeshwa, kwa sehemu kubwa mno, kwa Kiswahili. Katika nchi nyingi za Afrika masuala ya katiba hubishaniwa kwanza kwa lugha ya aliyekuwa mkoloni, kisha mwananchi akatafsiriwa yaliyokwisha kuamuliwa. Katika Muungano wa Tanzania, istilahi za ubishi zimetoka vinywani mwa wasemaji wenyewe: koti, kero, kumezwa, ufa, mkataba, mamlaka kamili.

Makala haya yananuia kueleza jinsi maneno hayo yalivyoingia katika mjadala na kazi ambayo yamefanya humo. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba swali la kutoka katika Muungano limekuwa gumu kutamkwa waziwazi, kwa sababu za kisheria na za kisiasa. Kwa hiyo limekuwa likivishwa maneno mengine. Kila neno lililotumiwa limebeba ndani yake sehemu ya jibu, kiasi kwamba anayelikubali neno la mwenzake huwa amekwisha kuikubali nusu ya hoja yake.

Usuli wa Muungano

Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Zanzibar ilipata uhuru wake Desemba 10, 1963, na mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, Mapinduzi yakaiangusha serikali iliyoachiwa madaraka na Waingereza. Siku mia moja na moja tu baada ya Mapinduzi hayo, Aprili 22, 1964, Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano. Siku nne baadaye jamhuri mpya ikazaliwa. Udongo wa pande zote mbili ulichanganywa katika sherehe ambayo picha yake imechapishwa katika vitabu vya shule hadi leo, na kufikia Oktoba mwaka huohuo nchi ikapewa jina la Tanzania.

Sababu za kuungana zimeelezwa kwa namna mbalimbali. Wapo wanaosisitiza udugu wa damu, lugha moja na ujirani wa karne nyingi, pamoja na ndoto ya umoja wa Afrika. Wapo wanaosisitiza hofu za wakati huo: serikali changa ya Mapinduzi ilihitaji ulinzi, nayo madola ya Magharibi yaliogopa Zanzibar isije ikawa kituo cha Ukomunisti katika Bahari ya Hindi. Sababu hizi hazipingani kwa lazima. Lililo wazi ni kwamba wananchi wa upande wowote hawakupigiwa kura ya kuulizwa. Bunge la Tanganyika liliridhia Hati hizo. Kuhusu kuridhiwa kwake upande wa Zanzibar, wanasheria na wanahistoria wangali wanabishana, na Issa Shivji ni mmoja wa walioliandikia suala hilo kwa kina.

Muundo uliokubaliwa ulikuwa wa pekee. Serikali ya Tanganyika iliingizwa ndani ya Serikali ya Muungano, ilhali Zanzibar ilibakia na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Mambo ya Muungano yalikuwa 11, yakiwemo ulinzi, mambo ya nje, polisi, uraia na uhamiaji. Baadaye orodha hiyo ilirefuka hadi kufikia mambo 22 katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka wa 1977. Miongoni mwa yaliyoongezwa ni sarafu na mabenki, elimu ya juu, Baraza la Mitihani, na mafuta na gesi asilia. Kwa waungaji mkono, nyongeza hizo zilikuwa dalili ya Muungano unaokomaa. Kwa wakosoaji wa Zanzibar, kila nyongeza ilikuwa tonge jingine.

Swali Lisilotamkika

Katiba ya mwaka wa 1977, kama ilivyorekebishwa baada ya kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka wa 1992, hairuhusu kuandikishwa kwa chama cha siasa kinachopigania kuvunjwa kwa Jamhuri ya Muungano. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka huohuo inasema vivyo hivyo. Aidha, sheria iliyoanzisha mchakato wa katiba mpya mwaka wa 2011 ilitaja kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano kuwa miongoni mwa mambo ambayo Tume ilipaswa kuyahifadhi na kuyadumisha. Mwananchi mmojammoja aliweza kusema mbele ya Tume kwamba anautaka Muungano uvunjwe. Chama kilichotaka kushindana katika uchaguzi hakikuweza kuliweka jambo hilo katika ilani yake.

Athari ya kikwazo hiki katika lugha ni kubwa. Maadamu swali la "tubaki au tutoke" halikuwa na mlango rasmi, lilipitia dirishani, likiwa limevaa umbo la hesabu: serikali ziwe ngapi? Msikilizaji mgeni anaweza kustaajabu anaposikia watu wakibishana kwa hamaki juu ya serikali moja, mbili au tatu, kana kwamba wanabishania idadi ya vyumba. Lakini kila tarakimu ina maana inayoeleweka na wote. "Serikali moja" ina maana ya Zanzibar kupoteza serikali yake. "Serikali mbili" ina maana ya hali iliyopo. "Serikali tatu" ina maana ya kufufuliwa kwa Tanganyika, na kwa wanaoipinga ni hatua ya kwanza ya kuagana. Tarakimu zimegeuka kuwa lugha ya mafumbo, na fumbo, kama wasemavyo wahenga, mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Bei ya kulitamka swali mapema ilionekana mwaka wa 1984. Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Aboud Jumbe, alikuwa akiandaa hoja ya kisheria kuhusu muundo wa Muungano, akielekea kudai serikali tatu. Januari mwaka huo, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama cha Mapinduzi, aliondoka katika nyadhifa zake zote. Kipindi hicho kilipewa jina ambalo lingali linakumbukwa: "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa." Jina hilo ni tasfida ya aina yake. Hali ya hewa haina mtenda; huchafuka yenyewe, kisha ikatulia. Mgogoro wa kikatiba ulisimuliwa kama tukio la mawingu.

Koti na Mvaaji Wake

Sitiari mashuhuri kuliko zote katika mjadala huu ni ya koti. Inanasibishwa na Mzee Karume mwenyewe, ambaye inasimuliwa aliufananisha Muungano na koti ambalo mtu hulivaa na, likimbana, hulivua. Simulizi hiyo imerudiwa na vizazi vya wanasiasa wa Zanzibar, na imekuwa na nguvu ya ushahidi: kama muasisi mmoja aliuona Muungano kuwa vazi, basi mvaaji ana hiari.

Ichunguzwe mantiki ya sitiari hii. Koti ni kitu cha nje ya mwili. Aliyelivaa alikuwa mtu kamili kabla ya kulivaa na atabaki mtu kamili akilivua. Tena koti linaweza kupelekwa kwa fundi likapanuliwa. Kwa hiyo sitiari inaruhusu njia mbili, ya marekebisho na ya kuvua, bila ya msemaji kulazimika kutaja aliyokusudia. Msemaji makini angeweza kuitumia katika mkutano wa hadhara, umati ukamwelewa na sheria isimkamate.

Baadaye sitiari hiyohiyo iligeuzwa. Wazanzibari wengi walianza kulalamika kwamba Tanganyika ndiyo iliyovaa koti la Muungano. Hoja ni kwamba serikali ya Tanganyika haikufa kwa hakika. Ilijificha ndani ya Serikali ya Muungano, ikatumia jina, bajeti na uanachama wa kimataifa wa Muungano kushughulikia mambo ambayo kwa haki ni ya Tanganyika pekee. Kwa upande wao, baadhi ya wakazi wa Bara walilisikia lalamiko hilo wakauliza mbona Zanzibar ina rais, baraza, na tangu mwaka wa 2005 bendera yake inayopepea, ilhali Tanganyika haina hata jina. Hisia hiyo ndiyo iliyowasukuma wabunge waliojulikana kama Kundi la 55, yaani G55, kupeleka hoja bungeni mwaka wa 1993 wakidai serikali ya Tanganyika, baada ya Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu na kisha kujitoa. Hivyo vazi moja lilidaiwa kuwabana wavaaji wawili tofauti, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyejifunika.

Nyumba, Nyufa na Dhambi

Mwalimu Nyerere hakulijibu koti kwa koti. Katika hotuba yake ya Machi 1995 mbele ya waandishi wa habari jijini Dar es Salaam, aliifananisha nchi na nyumba iliyotikiswa na kuonyesha nyufa, na suala la Muungano akaliweka miongoni mwa nyufa hizo. Tofauti na koti, nyumba haivuliwi. Anayeishi ndani yake akiona ufa, wajibu wake ni kuuziba, kwa kuwa asipoziba ufa atajenga ukuta. Msikilizaji aliyekwisha kuikubali sitiari ya nyumba hana tena nafasi ya kuuliza iwapo yafaa kuondoka. Swali lililobaki ni la ukarabati tu.

Nyerere alikuwa pia na hoja ya pili, iliyotokana na taswira ya kutisha zaidi. Aliufananisha ubaguzi na kula nyama ya mtu: anayeanza hawezi kuacha. Kwa maoni yake, Wazanzibari wakijitenga kwa misingi ya "sisi Wazanzibari" na "wale Watanganyika", dhambi hiyo haitakoma. Kesho watagundua kwamba kuna Waunguja na Wapemba. Vivyo hivyo kwa Watanganyika watakaomkataa Mzanzibari: watafika mahali pa kukataana kwa makabila. Wakosoaji walijibu kwamba kudai mabadiliko ya muundo si kubagua, na kwamba hoja hii inamwekea kila mdai mabadiliko doa la dhambi kabla hajafungua kinywa. Hata hivyo, nguvu yake haikupungua, hasa kwa kuwa migawanyiko baina ya Unguja na Pemba katika chaguzi za kuanzia mwaka wa 1995 ilikuwa ya kweli na iligharimu maisha ya watu.

Minyambuliko ya Kitenzi na Madai ya Haki

Mwanafunzi wa sarufi atapata funzo katika vitenzi vinavyochaguliwa na kila upande. Nomino "muungano" inatokana na kitenzi "ungana", ambacho kiko katika kauli ya kutendana. Kauli hiyo inadai kwamba pande mbili zilitenda kwa pamoja na kwa usawa. Lugha rasmi ya dola imeshikamana na kauli hiyo: nchi mbili ziliungana. Mkosoaji wa Zanzibar huibadilisha kauli hiyo kwa viambishi tu: "tuliunganishwa." Kauli ya kutendeshwa inamleta mtenda mwingine asiyetajwa, na uhalali wa tukio zima la mwaka wa 1964 unatiwa shaka bila ya hoja yoyote ya kihistoria kutolewa.

Hali kadhalika kwa vitenzi vya kuachana. Wanaopinga kuvunjika kwa Muungano husema "kujitenga". Kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mtenda anajitendea mwenyewe. Upande mmoja ndio unaojiondoa, na lawama ni yake. Wanaotaka kuondoka hupendelea "kutengana" au "kuachana kwa wema", vitenzi ambavyo kauli yake inagawa uamuzi na wajibu kwa pande mbili. Kitenzi "kuvunja" nacho kinahitaji shamirisho lililo zima na lenye thamani. Hakuna avunjaye kitu akasifiwa, ila kama ni kufuli au pingu. Na upande wa Zanzibar umekuwa na kitenzi chake cha kutendwa, "kumezwa", ambacho Nyerere mwenyewe alikitambua alipoeleza kwamba serikali moja ilikataliwa mwaka wa 1964 ili isionekane kwamba Tanganyika kubwa imeimeza Zanzibar ndogo. Ukubwa huo si wa kubuni. Katika sensa ya mwaka wa 2022, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na kati yao Wazanzibari walikuwa 1,889,773, yaani takribani watatu katika kila mia.

Kutoka Kero Hadi Hoja

Kwa muda mrefu malalamiko ya Zanzibar yaliitwa "kero za Muungano". Yalihusu mambo ya kila siku: bidhaa zilizolipiwa ushuru Zanzibar kutozwa tena zikifika Bara, mgawo wa misaada na mikopo ya nje, kutofanya kazi ipasavyo kwa Akaunti ya Pamoja ya Fedha, na umiliki wa mafuta na gesi. Neno "kero" lina sifa ya kuvutia. Linakubali kwamba lipo jambo linaloudhi, lakini linalipunguza kimo. Kero huondolewa, haihitaji mtu kuhama nyumba. Mfanyabiashara aliyekuwa akilipia mzigo uleule mara mbili bandarini aliambiwa kwamba anasumbuliwa, hakuambiwa kwamba haki yake imekiukwa.

Tangu mwaka wa 2006, serikali mbili zilikuwa na utaratibu wa vikao vya pamoja chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais kwa ajili ya kuzishughulikia kero hizo. Baadhi zilipatiwa ufumbuzi. Kwa mfano, sheria ya petroli ya mwaka wa 2015 iliipa Zanzibar nafasi ya kusimamia mafuta na gesi yake, nayo Zanzibar ikatunga sheria yake mwaka uliofuata. Katika miaka ya karibuni lugha rasmi imeacha "kero" na kushika "hoja za Muungano". Mabadiliko haya yana pande mbili. Hoja ina heshima kuliko kero, kwa kuwa hoja hujibiwa kwa hoja. Lakini pia hoja huorodheshwa, huhesabiwa na hufungwa. Orodha ikiisha, yamkini itasemwa kwamba mjadala nao umekwisha. Wanaodai mamlaka kamili husema kwamba swali lao halikuwahi kuwamo katika orodha hiyo.

Nchi, Dola na Taifa

Hakuna neno lililozua joto kama "nchi". Mwaka wa 2008, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge kwamba Zanzibar si nchi. Kwa mantiki ya sheria ya kimataifa, alikuwa na pa kusimamia. Mwaka wa 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa imeamua, katika kesi ya wanachama 18 wa Chama cha Wananchi (CUF) walioshtakiwa kwa uhaini, kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola. Kinaya ni kwamba uamuzi huo uliwaokoa wapinzani waliokuwa wakiitetea hadhi ya Zanzibar, huku ukiinyima Zanzibar hadhi hiyohiyo.

Lakini "nchi" na "dola" si neno moja. "Dola", lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya mamlaka yenye enzi. "Nchi" ni pana zaidi. Ni ardhi, ni eneo la kaumu fulani, ni mahali mtu anapotoka. Mzanzibari aliyeambiwa kwamba kwao si nchi hakusikia tamko la sheria ya kimataifa. Alisikia akiambiwa hana kwao. Jibu lilikuja mwaka wa 2010, Baraza la Wawakilishi liliporekebisha Katiba ya Zanzibar na kuandika kwamba Zanzibar ni nchi, moja kati ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Muungano, kwa upande wake, ingali inaitaja Tanzania kuwa nchi moja. Hivyo katiba mbili zinazotumika kwa wakati mmoja, zilizoandikwa kwa lugha moja, zinahesabu nchi kwa namna mbili. Hali hiyo ilijitokeza hata michezoni: Machi 2017 Shirikisho la Soka la Afrika liliipa Zanzibar uanachama kamili, na Julai mwaka huohuo likaufuta kwa sababu Zanzibar ni sehemu ya nchi nyingine iliyo mwanachama.

Serikali Tatu na Muungano wa Mkataba

Kati ya mwaka wa 2012 na 2014, mjadala ulipata fursa yake kubwa kuliko zote. Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Warioba, ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni. Takwimu zake ni za kuzingatiwa. Kati ya wananchi wa Bara waliotoa maoni kuhusu muundo wa Muungano, takribani asilimia 61 walitaka serikali tatu. Upande wa Zanzibar, takribani asilimia 60 walitaka kile kilichoitwa "Muungano wa mkataba", na asilimia 34 wakataka serikali mbili. Waliotaka serikali moja Zanzibar walikuwa wachache mno.

"Muungano wa mkataba" ndiyo istilahi yenye werevu mwingi kuliko zote katika mjadala huu. Maalim Seif Shariff Hamad na wenzake katika CUF waliieneza pamoja na kaulimbiu ya Zanzibar yenye mamlaka kamili. Maana yake ilikuwa kwamba kila nchi irudishiwe enzi yake, kisha zitiliane mkataba wa kushirikiana katika mambo zitakayochagua. Kwa waliopinga, huko kulikuwa ni kuvunja Muungano kwa jina la kuunda mwingine. Lakini istilahi yenyewe ilikuwa na neno "Muungano" kichwani, kwa hiyo haikuangukia katika katazo la sheria. Tena ilidokeza jambo kuhusu yaliyopita: kama sasa unatakiwa wa mkataba, basi uliopo si wa mkataba. Ilhali Hati za mwaka wa 1964 zenyewe ni makubaliano baina ya jamhuri mbili. Huitwa Hati, huitwa Mapatano, na wako wanaoziita Mkataba. Uchaguzi wa jina moja kati ya hayo ni uchaguzi wa msimamo.

Rasimu ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu, kama walivyopendekeza kabla yake Tume ya Jaji Nyalali mwaka wa 1992 na Kamati ya Jaji Kisanga mwaka wa 1999. Rais Jakaya Kikwete, akilihutubia Bunge Maalumu la Katiba Machi 21, 2014, alionya kwamba Serikali ya Muungano ya aina hiyo ingekosa chanzo cha uhakika cha mapato na isingekuwa na nguvu. Mwezi uliofuata wapinzani chini ya UKAWA walitoka nje ya Bunge hilo. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, ikiwa na serikali mbili. Sheria ilidai theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande, na baadaye wingi wa kura za wananchi wa kila upande. Kanuni hiyo ya pande mbili ilikuwa, kwa namna fulani, ungamo kwamba wabia wa mwaka wa 1964 wangalipo. Kura ya maoni ilipangwa kufanyika Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haikufanyika.

Mlango wa Kutokea

Ulinganisho mfupi unaweza kulifafanua suala hili zaidi. Uingereza ilipoamua kuondoka katika Umoja wa Ulaya, swali liliwekwa wazi mbele ya wapiga kura Juni 23, 2016: kubaki au kuondoka. Asilimia 51.9 walichagua kuondoka, na nchi hiyo ikatoka Januari 31, 2020, kwa kutumia kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja huo. Wananchi walijuta au walifurahi, lakini walijua walichoulizwa. Karibu zaidi na wasomaji wa Kenya, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ibara inayoruhusu nchi mwanachama kujitoa iwapo theluthi mbili ya wabunge wake wataafiki na notisi ya miezi 12 ikatolewa.

Hati za Muungano za mwaka wa 1964 hazina kifungu cha namna hiyo. Zilieleza jinsi ya kuingia. Hazikueleza jinsi ya kutoka. Jambo hili linahusu pia Wakenya, kwa sababu shirikisho la kisiasa ndilo lengo la mwisho la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 2017 wakuu wa nchi wanachama walikubaliana kwamba muungano wa kikonfederesheni uwe hatua ya kulielekea. Siku rasimu ya katiba ya muungano huo itakapofika mikononi mwa wananchi, maneno yake yatapaswa kusomwa kwa makini: kama zitaitwa nchi, majimbo au washirika, na kama mlango wa kutokea utatajwa au utaachwa kwa mafumbo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mjadala kuhusu nafasi ya Zanzibar katika Muungano umeishi ndani ya maneno machache ya Kiswahili. Koti lilimpa mvaaji hiari, nyumba ikamnyima. Kutendana kulidai usawa, kutendeshwa kukaukana. Kero ilikubali maumivu bila ya kukubali dai, na mkataba ukaruhusu kudai kutoka huku jina la Muungano likihifadhiwa. Lugha imewasaidia Watanzania kwa namna ambayo haifai kudharauliwa: kwa miaka zaidi ya 60 wamelibishania jambo ambalo kwingineko limezua vita, na sehemu kubwa ya ubishi huo imekuwa ya maneno, ijapokuwa damu imemwagika katika chaguzi za Zanzibar na vurugu zilitokea visiwani mwaka wa 2012.

Hata hivyo, fumbo lina gharama. Linalosemwa kwa mafumbo haliwezi kupigiwa kura. Asilimia 60 ya Wazanzibari waliozungumza na Tume kuhusu muundo waliomba Muungano wa mkataba, na hadi leo haijulikani ni wangapi kati yao waliokusudia kubaki kwa masharti mapya na wangapi walikusudia kuondoka. Mwaka wa 2021 Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari aliyewahi kuwa waziri wa masuala ya Muungano na makamu mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, aliingia Ikulu, na dai la katiba mpya likaanza kusikika tena. Iwapo mchakato huo utafufuliwa, kazi ya kwanza itakuwa ya kilugha: kuandika swali ambalo muuza samaki wa Malindi, Unguja, na mkulima wa Songea watalisoma na kulielewa kwa maana moja.